Kitumbua Kimoja na Nusu

Watu wa mtaa wa Mshindo, mjini Iringa, hawahitaji saa ya kuwaamsha. Wakisikia harufu ya iliki na mafuta ya moto, wanajua ni saa kumi na mbili asubuhi. Mwanakhamisi ameshawasha jiko. Ukichelewa kutoka kitandani, shauri yako, utakunywa chai kavu.

Mwanakhamisi hupika vitumbua kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mwezi wa sita baridi ya Iringa inauma hadi kwenye mifupa, kwa hiyo wateja hawana haraka ya kuondoka. Wanasimama karibu na jiko. Wanaota moto na kupiga soga. Kitumbua kimoja ni shilingi mia moja. Mwanakhamisi hajapandisha bei, ingawa mchele umepanda na sukari imepanda. Mafuta ndiyo usiseme.

Mumewe anaitwa Ahmadi. Yeye ni fundi cherehani, na kazi yake iko karibu na soko. Wana mtoto mmoja wa kike, Shufaa. Shufaa ana miaka mitano na anasoma darasa la awali. Ni mtoto wa maneno mengi. Akianza kuongea asubuhi, hanyamazi mpaka usingizi umchukue.

Shufaa alikuwa na mkebe wake wa kuwekea hela. Ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga, na baba yake alikuwa ameutoboa kwa juu. Siku ya Idi, mjomba na mashangazi walimpa sarafu kama mkono wa Idi. Siku nyingine wateja wa vitumbua walimpa kwa sababu aliwachekesha. Kila sarafu aliitia mkebeni, akautikisa mkebe, akasikiliza.

Sasa hapa lazima tuseme ukweli, hata kama Mwanakhamisi hatapenda. Mama huyu alikuwa na mchezo wake mdogo.

Siku moja baada ya Idi, mafuta ya kupikia yaliisha. Alikuwa amepungukiwa. Akaukumbuka mkebe wa mwanawe. Ndani mlikuwa na sarafu moja nyeupe ya shilingi mia tano, aliyopewa na mjomba.

"Shufaa, mwanangu," alisema, "hii nyeupe yako ni moja tu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Moja peke yake itakaa na upweke. Mimi nitakupa za njano. Tazama. Moja, mbili, tatu. Sasa nani kapata nyingi?"

"Mimi!" alisema Shufaa, akaruka.

"Umepata faida. Umenishinda, mwanangu."

Zile za njano zilikuwa za shilingi hamsini hamsini. Tatu ni shilingi mia moja na hamsini. Mwanakhamisi alichukua mia tano, akaenda kununua mafuta. Shufaa alibaki akiutikisa mkebe wake kwa furaha.

Mwanakhamisi hakuona kosa. Mtoto anajua nini? Anapenda wingi, amepewa wingi. Mama wengi hufanya hivyo. Kila nyeupe nyingine ilipoingia mkebeni, akaurudia mchezo huo, mara ya pili, na mara ya tatu. Kila mara Shufaa aliruka na kushangilia faida yake.

Ikafika Jumamosi moja. Vitumbua vilikuwa vinakwenda vizuri. Mwanakhamisi alihitaji kuingia ndani kuchukua bakuli la pili la unga.

"Shufaa, kaa hapa uangalie kopo la hela," alisema. "Mtu asiliguse."

"Sawa, mama."

Mwanakhamisi alidhani angekaa ndani dakika mbili. Lakini unga ulikuwa mzito, ukahitaji maji. Kisha moto wa chai ulizimika. Alipotoka, kibaraza kilikuwa kitupu. Shufaa alikuwa anavuka barabara mbio kutoka upande wa duka, amekunja gauni lake kama kapu.

"Mama! Mama! Nimekuletea faida!"

Akamwaga sarafu kwenye mkeka. Zilikuwa sita, zote za njano.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa Dhaval. Nimempa nyeupe mbili tu, za kwenye kopo. Yeye kanipa sita! Nimemshinda!"

Mwanakhamisi alishika kichwa. Nyeupe mbili ni shilingi elfu moja. Njano sita ni mia tatu. Shilingi mia saba za mauzo ya asubuhi zilikuwa zimepotea. Hasira ilimpanda. Akamchapa Shufaa kofi kwenye mkono, akazizoa zile sarafu sita, akamshika mkono huohuo, wakavuka barabara.

Duka la Mzee Vinubhai linatazamana na kibaraza chao. Mzee Vinubhai amezeeka sasa. Hukaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, na miwani yake iko puani. Kazi nyingi hufanywa na mkwe wake, Sneha. Dhaval ni mtoto wa Sneha. Ana miaka sita, na ndiye rafiki mkubwa wa Shufaa.

Asubuhi ile kulikuwa na wateja watatu dukani. Mmoja wao alikuwa Evarista, muuza mboga, ambaye jambo likifika masikioni mwake halilali mtaa mmoja.

"Mama Dhaval!" Mwanakhamisi alipaza sauti kabla hajaingia. "Mwanao amemtapeli mwanangu! Ndiyo malezi gani haya?"

Duka zima liligeuka. Sneha aliweka chini sukari aliyokuwa anapima.

"Karibu, Mama Shufaa," alisema taratibu. "Pumua kwanza, dada yangu."

"Sipumui! Nataka hela yangu!"

Sneha alifungua droo, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na sarafu mbili nyeupe.

"Ndizo hizi," alisema. "Dhaval ameniletea sasa hivi. Nilikuwa namalizia kumpimia dada Evarista sukari, nivuke nikurudishie."

Dhaval alikuwa amejificha nyuma ya gunia la mchele. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mimi nilimwambia si sawa," alisema. "Yeye akasema ndiyo sheria. Akasema nikikataa hachezi na mimi tena."

Sneha alichuchumaa mbele ya Shufaa. "Mwanangu, nani alikufundisha kuwa nyeupe moja unabadilisha na njano tatu?"

Shufaa alimtazama mama yake. Mama alikuwa bado ameushika ule mkono aliouchapa.

"Mama," alisema. "Mama hubadilisha na mimi. Anasema napata faida."

Mzee Vinubhai alivua miwani, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi.

"Heee!" alisema Evarista. "Kumbe mwalimu wake ni wewe mwenyewe!"

Wateja wakacheka. Mwanakhamisi alitamani ardhi ipasuke aingie. Alizichukua zile sarafu mbili, akaziacha zile sita juu ya kaunta, akaondoka bila kuaga. Aibu ilimwandama hadi nyumbani. Vitumbua vilivyobaki jikoni viliungua, na hakujali.

Tangu siku hiyo Shufaa alibadilika. Mteja akimpa sarafu, aliweka mikono nyuma. Mkebe wake aliusukuma chini ya kitanda.

"Njoo utie hela yako mkebeni," Mwanakhamisi alimbembeleza siku ya pili.

"Sitaki. Hela zinachapa."

"Hazichapi, mwanangu. Mama alikosea kukuchapa."

Shufaa alifikiri kidogo. Kisha akauliza, "Mama, wewe ukisema nimepata nyingi, nimepata nyingi kweli?"

Swali hilo lilimkata maini Mwanakhamisi. Zile mia saba zilikuwa zimerudi, na hata zisingerudi angezitafuta tena. Jambo moja tu lilimtia hofu. Mtoto wake wa pekee alikuwa ameanza kulitilia shaka neno lake. Leo ni hela. Kesho itakuwa nini?

Aliamua kumfundisha Shufaa hela, tena haraka. Alichukua daftari, akachora miduara minne. Akaandika ndani: 50, 100, 200, 500. Akamwimbisha.

"Sema: hamsini, mia, mia mbili, mia tano."

"Hamsini, mia, mia mbili, mia tano," aliimba Shufaa. Siku mbili tu, wimbo ulimkaa.

Mwanakhamisi alifurahi. Akaweka mbele yake sarafu ya mia mbili. "Hii ni ngapi?"

"Moja," alisema Shufaa.

Akaweka hamsini tatu. "Na hizi?"

"Tatu."

"Zipi nyingi?"

"Hizi tatu."

Walirudia mpaka mama akachoka na mtoto akalia. Usiku ule Ahmadi alimsikiliza mkewe akilalamika, akasema, "Kwani jirani yako si alikuwa mwalimu? Nenda kamuulize."

"Nitaanzaje kumtazama usoni?"

"Utaanza kwa samahani," alisema Ahmadi. "Ulimwita mtoto wa watu tapeli mbele ya watu."

Kesho yake mchana Mwanakhamisi alivuka barabara na sahani ya vitumbua kumi, imefunikwa kwa kitambaa. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Angeweza kungoja waondoke. Hakungoja.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Mzee Vinubhai.

"Marahaba, binti."

"Mama Dhaval, Jumamosi nilikuja hapa nikakutukana mbele ya watu. Na leo nimekuja kuomba radhi mbele ya watu. Dhaval hakumtapeli mtu. Kosa lilikuwa langu. Dhaval, baba, nisamehe."

Dhaval alitazama sahani. "Ni vya iliki?"

"Vya iliki."

"Nimekusamehe."

Sneha alicheka mpaka akashika kaunta. "Yameisha, dada yangu. Mimi mwenyewe nilijua umepandwa na hasira tu. Njoo ukae ndani. Shufaa hajambo?"

Mwanakhamisi alikaa juu ya kreti la soda. Akaeleza yote: mkebe chini ya kitanda, miduara ya daftari, wimbo, na kile kilio. Sneha alisikiliza huku akila kitumbua. Kabla ya kuolewa Iringa alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Mbeya kwa miaka minne, na watoto wa aina ya Shufaa amewaona wengi.

"Kwanza," alisema Sneha, "Shufaa si mjinga. Amehesabu vizuri kabisa."

"Vizuri? Anasema hamsini tatu ni nyingi kuliko mia mbili!"

"Darasani wanahesabia nini?"

"Vifuniko vya soda."

"Umeona? Kifuniko kimoja ni moja. Vifuniko vitatu ni tatu. Hajawahi kuona kitu kimoja kikashinda vitatu. Hela ndiyo kitu chake cha kwanza cha namna hiyo. Sisi tumezoea. Kwa mtoto wa miaka mitano ni ajabu kubwa. Tena wewe ukamthibitishia kuwa tatu ni faida."

Mwanakhamisi aliinamisha kichwa.

"Sikusemi," alisema Sneha. "Nakueleza tu alipofikia. Na ile miduara uliyochora, yote si iko sawa? Yote ya kalamu? Mtoto hujifunza hela kwa hela yenyewe. Aishike. Aigeuze. Aione."

Akafungua droo, akapanga sarafu nne juu ya kaunta.

"Hii hamsini. Ndiyo ndogo. Pitisha kidole pembeni. Si duara kamili, ina pembe saba. Nyuma ina kifaru na mtoto wake. Hii mia ni ya njano pia, lakini ni duara, na ina swala wanakimbia. Mia mbili ni kubwa kidogo, ina simba. Mia tano ni nyeupe na kubwa kuliko zote, ina nyati. Watoto hushika wanyama kabla ya namba. Waache waanze na wanyama."

"Mimi sihitaji kuangalia," alisema Mzee Vinubhai kutoka kwenye kiti chake. Akageuka akatazama ukuta. "Dondosha moja, Sneha."

Sneha akadondosha sarafu juu ya kaunta. Tii!

"Mia tano," alisema mzee. "Dondosha nyingine. Hiyo mia. Miaka hamsini nyuma ya kaunta, binti. Masikio yangu nayo yamesoma."

Mwanakhamisi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Lakini usimmwagie zote siku moja," aliendelea Sneha. "Anza na aina mbili, hamsini na mia. Dakika kumi zinatosha. Akichoka, acheni. Zioshe kwanza kwa sabuni, maana hela imepita mikono ya watu wengi. Na asitie mdomoni. Mtoto akimeza sarafu ni kukimbizana hospitali. Zihesabu wakati wa kuanza, zihesabu tena wakati wa kumaliza, usiache hata moja sakafuni. Na akikosea, usimkaripie."

"Hayo nimeelewa. Ila nitamwonyeshaje kuwa mia ni kubwa kuliko hamsini? Kwake mia ni wimbo tu."

Sneha akakitazama kitumbua kilichobaki mkononi mwake.

"Hiki unauza bei gani?"

"Si unajua. Mia moja."

"Na mtu akija na hamsini?"

"Hapati kitu. Labda nimkatie nusu."

"Basi mkatie nusu," alisema Sneha. "Shufaa anahesabu mpaka kumi, si ndiyo? Mia tano haiwezi, ni mbali mno. Lakini vitumbua vitano anaviweza. Mfundishe kwa vitumbua."

Jioni hiyo Mwanakhamisi alitandika mkeka. Akaosha sarafu sita, akaziweka kwenye kisahani. Akaweka pia vitumbua vinne na kisu.

"Shufaa, njoo tucheze duka."

Shufaa aliiona hela, akaweka mikono nyuma.

Mwanakhamisi hakumlazimisha. Alicheza peke yake. Alijifanya mteja, akabisha hodi. Akajifanya muuzaji, akaitikia kwa sauti nyembamba. Akanunua kitumbua kutoka kwake mwenyewe, akakosea chenji, akajigombeza. Shufaa alianza kucheka. Mara akawa amekaa kwenye ukingo wa mkeka. Mara akasema, "Mama, wewe hujui kuuza. Nipishe."

"Haya, mwenye duka. Nina hii ya swala. Nipe kitumbua."

Shufaa akampa kizima.

"Sasa nina hii ya kifaru. Ya kifaru inanunua nusu."

"Nusu?"

"Nusu. Tukate."

Wakakata. Mama akanunua nusu kwa kifaru mmoja, na nusu ya pili kwa kifaru mwingine. Shufaa aliziunganisha zile nusu mbili juu ya kisahani.

"Mama! Imekuwa kizima! Kifaru mbili ni swala moja!"

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe!"

Siku ile waliishia hapo. Mwanakhamisi alihesabu sarafu sita, zikatimia, akaziweka juu ya kabati. Vitumbua vililiwa.

Wiki ya kwanza walicheza na kifaru na swala tu. Shufaa alifumba macho akapapasa kwa kidole, akitafuta pembe. Wiki ya pili aliingia simba. "Simba ni vitumbua viwili," alisema Shufaa kwa kila aliyepita, mpaka Evarista akasema sasa hata mchicha wake utapimwa kwa vitumbua.

Jumatano ya wiki hiyo, Mwanakhamisi alimpa Shufaa sarafu ya mia moja akanunue kiberiti. Akasimama kibarazani kumvusha kwa macho. Dukani Mzee Vinubhai alikuwa ameshaambiwa.

"Kiberiti mia moja," alisema mzee kwa sauti nzito. "Umeniletea nini?"

"Swala."

"Ungekuwa na vifaru?"

"Ningekupa wawili."

"Na nikitaka watatu?"

Shufaa aliweka mkono kiunoni. "Hapana, babu. Hiyo umezidisha nusu kitumbua."

Mzee Vinubhai alicheka mpaka akakohoa, na Sneha akaja kumpiga mgongoni. Shufaa alirudi na kiberiti, amekishika kwa mikono miwili. Jioni hiyo aliutoa mwenyewe mkebe wake chini ya kitanda. Aliupangusa vumbi, akauweka mahali pake pa zamani. Mwanakhamisi aliona, akafurahi sana.

Wiki ya tatu ilifika zamu ya nyeupe. Ilikuwa Jumapili alasiri. Ahmadi alikuwa nyumbani, anashona kifungo cha shati lake. Mwanakhamisi aliweka sarafu ya mia tano kwenye mkeka. Moyo wake ulikuwa mzito. Alijua kinachokuja.

"Huyu ni nyati," alisema. "Yeye ananunua vitumbua vitano."

Shufaa alihesabu vitumbua kwa kidole. Akavipanga mbele ya nyati. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Alivitazama kwa heshima.

"Nyati ana nguvu," alisema.

Kisha, bila kuambiwa, alinyoosha mkono akachukua vifaru watatu. Akawapanga upande wa pili. Mbele ya kila mmoja akaweka nusu. Akaunganisha nusu mbili za kwanza. Ikabaki nusu moja.

"Kimoja na nusu," alisema polepole.

Akatazama upande huu. Vitano. Akatazama upande ule. Kimoja na nusu. Ahmadi aliacha kushona.

"Mama," alisema Shufaa. "Ulichukua nyati wangu ukanipa kimoja na nusu."

"Ndiyo," alisema Mwanakhamisi.

"Ukasema nimepata faida."

"Nilisema."

"Ulinidanganya?"

Mwanakhamisi angeweza kusema mengi. Kwamba mafuta yaliisha. Kwamba ni mchezo tu. Kwamba hata mama wengine hufanya. Maneno yote hayo yalifika kwenye ulimi, akayameza.

"Ndiyo, mwanangu. Nilikudanganya. Ulikuwa hujui hela, mimi nilijua, nikakuchezea. Halafu ulipofanya nilivyokufundisha, nikakuchapa. Nimekosa mara mbili. Nisamehe."

Shufaa alimtazama. Mwanakhamisi alihisi machozi yanamshuka, akayaacha yashuke.

"Mara ngapi?" aliuliza Shufaa.

"Mara tatu."

"Basi nirudishie vyangu."

Ahmadi alikohoa ili asicheke. "Ana haki," alisema.

Mwanakhamisi alileta sinia lote la vitumbua vilivyobaki asubuhi. Wakaanza kazi. Kwa kila nyati, Shufaa alipanga vitumbua vitano. Kisha akatoa kimoja na nusu, maana hivyo alikwisha kulipwa. Vikabaki vitatu na nusu. Wakafanya hivyo mara tatu. Nusu mbili wakaziunganisha, zikawa kizima. Mwishowe Shufaa alivipanga vyote kwenye mstari mmoja mrefu, mkeka mzima.

"Hesabu," alisema mama yake.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi." Kidole kikasimama. "Kumi na nusu."

"Hivyo ndivyo ninavyodaiwa."

Mwanakhamisi alifungua kopo lake la mauzo. Akatoa sarafu nyeupe. Shufaa akaiweka mbele ya vitumbua vitano vya kwanza. Akatoa nyeupe ya pili. Shufaa akaiweka mbele ya vitano vilivyofuata. Ikabaki nusu, peke yake mwisho wa mstari.

Mwanakhamisi alipekua kopo akitafuta hamsini. Haikuwepo. Akachukua mia, akaiweka mbele ya ile nusu.

"Haya, mwanangu. Tumemaliza."

Shufaa aliitazama sarafu. Akaitazama nusu.

"Mama, huyu ni swala. Swala ni kizima. Hapa pana nusu."

"Najua. Sina ya kifaru. Chukua tu, mama amekuzawadia."

"Hapana," alisema Shufaa.

Aliinuka, akaenda kuchukua mkebe wake. Akaupindua, akautikisa juu ya mkeka mpaka sarafu zikatoka. Akazipapasa kwa kidole, akitafuta pembe. Akapata moja. Akarudi, akaushika mkono wa mama yake, akaiweka ile hamsini katikati ya kiganja na kuvifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Huyo kifaru ni wako," alisema. "Sasa tuko sawa."

Mwanakhamisi alimvuta, akamkumbatia, huku mkono wake mmoja bado umefumbwa. Ahmadi alijifanya anatafuta sindano.

"Mama," sauti ya Shufaa ilitoka kwenye khanga.

"Naam, mwanangu."

"Ile nusu naweza kula?"

"Kula. Ni yako."

Shufaa akaichukua, akaimega, akampa mama yake kipande.